Lori la Mbolea ya Bure: Tulipokee au Tulikatae?



Katika ziara zetu swali moja linarudi kila mara. Mbolea ya dukani ni ghali, ng'ombe ni wachache, samadi haitoshi. Halafu anakuja mwenye lori la kunyonya vyoo, au mtu mwenye tope kutoka mabwawa ya majitaka ya mjini, anasema: "Nitawamwagia bure, mimi natafuta tu mahali pa kutupa." Je, tukubali? Mama mmoja alitujibu hivi: "Sukuma ilinawiri kweli, lakini watoto wangu walijaa minyoo." Tuanzie hapo.

TUONE

Kinyesi cha binadamu ni mbolea kweli. Kina naitrojeni na fosforasi, vyakula vile vile vya mimea tunavyonunua dukani, na tena kinalainisha udongo. Hapa hakuna la kuonea haya. Lakini kinabeba maadui wa aina mbili.

Wa kwanza wana uhai: viini vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya kuhara, pamoja na mayai ya minyoo. Majitaka yakitulia bwawani, mayai huzama na kubaki ndani ya tope. Yai la mnyoo lina ganda gumu, nalo laweza kukaa udongoni miezi mingi, hata miaka. Basi tope lililokauka na kuacha kunuka si lazima liwe salama.

Wa pili hawana uhai: risasi, kadimiamu, kromi ya viwanda vya ngozi, na kemikali nyinginezo. Joto haliziui, kungoja hakuziondoi. Uswisi ilipiga marufuku tope la majitaka mashambani mwaka 2006. Jimbo la Maine, Marekani, lilifanya hivyo mwaka 2022, baada ya kemikali za PFAS kupatikana katika mashamba yaliyowekwa tope kwa miaka mingi.

TUPIME

Kabla lori halijafungua bomba, tuulize:

1. Uchafu umetoka wapi? Kama mfereji mmoja unachukua maji ya viwanda, gereji na hospitali, tukatae. Vyoo vya nyumbani au vya shule ni afadhali, mradi watu hawatupi humo betri za redio na dawa za kunyunyizia.
2. Umesafishwa vipi, na kwa muda gani? "Umekauka" si jibu.
3. Lori lina leseni ya NEMA? Kama halina, tusilifungulie lango.

TUTENDE

Kama majibu yameturidhisha, tufuate hatua hizi:

- Tuchague mahali palipoinuka, mbali na kisima, mto na nyumba, tuzungushie ua. Mvua isipeleke tope kwa jirani.
- Tuchanganye tope na majani makavu au mabua, tufanye lundo kubwa. Ndani lipate joto la zaidi ya nyuzi 50 kwa wiki nzima au zaidi. Tuligeuze, ili ya nje yaingie ndani nayo yapate joto.
- Kama lundo halikupata joto, tungoje bila kuongeza uchafu mpya: zaidi ya mwaka mmoja sehemu za joto, na mwaka mmoja na nusu hadi miwili sehemu za baridi.
- Anayeshika tope avae viatu vya mpira na glavu, na anawe kwa sabuni. Watoto wasikaribie.
- Tuifukie mbolea ardhini kabla ya kupanda. Inafaa mahindi, ndizi, miti na nepia. Tusiiweke kwenye dania, karoti, nyanya wala chochote kinacholiwa kibichi. Kati ya kuiweka na kuvuna upite mwezi mmoja au zaidi.

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, mtunza shamba aliomba mtini uachwe mwaka mmoja zaidi, aupalilie na kuutia samadi. Hakuona taabu kungoja. Nasi, kama hatuwezi kungoja mwaka, tope hili tuliache. Lori ni la bure, lakini dawa ya minyoo tutainunua sisi, na shamba lenye sumu watarithi watoto wetu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, kuna mwanakikundi aliyewahi kutumia mbolea ya choo? Aliingojea muda gani?
2. Katika kijiji chetu, uchafu wa lori unamwagwa wapi? Maji ya hapo yanaelekea kwa nani?
3. Nani kati yetu atakwenda kumwuliza afisa wa afya kabla ya mkutano ujao?