Kundi la watu watano, mwandishi mmoja

*Nasoma shahada kwa njia ya mtandao. Kazi ya kundi tuko watano. Kwenye WhatsApp kila mtu ni "sawa, poa", ila usiku wa mwisho naandika peke yangu. Nifanyeje? – Mchovu, Morogoro*

Pole, Mchovu. Usidhani umepangiwa wavivu tu. Mwaka 1913 Mfaransa Max Ringelmann alichapisha majaribio ya watu kuvuta kamba: kadiri walivyoongezeka, kila mmoja alivuta kidogo zaidi. Nanyi hamwonani hata sura. Ile "sawa" haina jina wala siku.

Leo hii fungueni faili moja la Google Docs. Juu kabisa choreni jedwali: sehemu, jina, siku na saa. Ila mkigawana kurasa tu mtapata viraka vitano, kwa hiyo mmoja awe mhariri, apewe siku 2 za kulainisha lugha na kupanga marejeo. (Kazi hiyo ihesabiwe kama sura nzima, tafadhali.) Historia ya faili huonyesha nani aliandika nini na lini, hivyo hakuna haja ya kugombana.

Mtu akinyamaza, mpigie simu kwanza. Huenda bando limekwisha au yuko zamu. Bado kimya? Mwandikie mkufunzi wiki moja kabla, si usiku wa kuwasilisha.