Rimu na Tairi Kubwa kwa SUV Yako: Piga Hesabu Kabla ya Kutuma Pesa

Umeona Prado imesimama pale kwa petroli, tairi zimejaa hadi karibu na madgadi, na sasa unataka yako ikae hivyo. Hatuna neno. Gari ni yako na pesa ni yako. Lakini seti ya rimu na tairi si pesa ya kununua mboga, na wengi huilipia kwa simu mara moja, kwa muuzaji ambaye hawajawahi kukutana naye. Matapeli wapo, na tutawafikia. Ila kuna hasara nyingine isiyozungumzwa sana: muuzaji ni mkweli, mali ni safi, lakini haiingii kwa gari yako, na pesa ishaenda. Kwa hivyo tuanze na hesabu, ndio tufike kwa malipo.

Soma ubavu wa tairi

Toka nje uangalie tairi ulizo nazo. Prado nyingi za J150 huvaa 265/65R17. Hiyo 265 ni upana kwa milimita. Hapo kwa 65 ndipo watu hupotea: si milimita 65, ni asilimia 65 ya ule upana, na ndiyo kimo cha ubavu. 17 ni rimu kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4.

Chukua kikokotoo cha simu. Asilimia 65 ya 265 ni 172.25. Ubavu uko juu na chini, kwa hivyo mara mbili: 344.5. Rimu ni 17 mara 25.4, yaani 431.8. Jumlisha, unapata milimita 776.3 kutoka chini hadi juu ya gurudumu.

Sasa fanya hivyo kwa 265/60R18, ambayo pia utaikuta kwa Prado za J150. Utapata 775.2. Rimu imeongezeka inchi nzima, na gurudumu limebaki karibu lile lile! Ndiyo maana tunasema rimu kubwa na tairi kubwa ni vitu viwili tofauti. Rimu ya inchi 20 yenye tairi ya kimo sawa na ya zamani haiinui gari hata kidogo. Inachofanya ni kupunguza mpira ulio kati ya rimu na shimo la barabarani. Kama gari yako hulala Kilimani na haitoki lami, sawa, inapendeza. Kama unapeleka watoto shagz kwa barabara ya marum kila mwezi, sisi tungebaki na 17.

Anayetaka kimo kweli huangalia saizi kama 265/70R17, ambayo ni milimita 802.8, au 285/70R17, ambayo ni 830.8. Ya kwanza ni kubwa kuliko ya kiwandani kwa asilimia 3.4, ya pili kwa asilimia 7. Lakini kumbuka gari huinuka nusu tu ya tofauti hiyo, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Hiyo 285 itakupa kama sentimita 2.7 za ziada chini ya gari. Ebu iweke kwa rula uione, kisha uamue kama bei ni halali.

Na kuna bei nyingine haiandikwi kwa risiti. Mita ya mwendo huhesabu mizunguko ya gurudumu, haijui umebadilisha. Ukiwa na tairi iliyozidi kwa asilimia 7, kama mita ilikuwa sahihi, mshale ukisema 100 wewe uko 107. Kamera ya barabarani haitasikiza hiyo hadithi. Ile ya asilimia 3.4 haisumbui sana, maana mita nyingi hutoka kiwandani zikizidisha mwendo kidogo. Kilomita pia zinapungua kwa kusoma: dashibodi ikionyesha 500, umeenda 535, kwa hivyo utadhani gari imeanza kunywa mafuta zaidi ya ukweli. Kiasi fulani ni ukweli lakini. Gurudumu kubwa ni zito, injini huhangaika kulizungusha mlimani, na breki hufanya kazi zaidi kulisimamisha.

Matundu, kitovu na ile namba ya ET

Rimu haiingii kwa kupenda. Prado ina nati sita, na matundu yake yamepangwa kwa duara la milimita 139.7. RAV4 nyingi na X-Trail nyingi ni nati tano, duara la 114.3. Utasema basi rimu ya X-Trail na ya RAV4 ni ndugu. Angalia tundu la katikati: la Nissan ni milimita 66.1, kitovu cha Toyota ni 60.1. Ya Nissan itaingia kwa RAV4 ikiwa na nafasi ya kucheza, na bila ringi ya kujaza pengo hilo usukani unaweza kutetemeka ukienda kasi. Ya RAV4 kwa X-Trail haiingii kabisa. Muuzaji akikwambia "five nut ni five nut," huyo anauza, hafungi.

Nyuma ya rimu kuna namba baada ya herufi ET. Inaonyesha sehemu ya kufungia iko mbali kiasi gani na katikati ya upana wa rimu. Namba ikishuka, gurudumu linasogea nje. Kutoka ET25 hadi ET0 ni milimita 25 nje kila upande, na hapo ndipo tairi huanza kukwaruza madgadi ukikata kona, na beringi hubeba mzigo ambazo hazikuundwa kuubeba.

Nati nazo. Rimu nyingi za Toyota za kiwandani hutumia nati zenye washa bapa, lakini rimu nyingi za kununua nje hutaka nati za koni. Ukifunga na zile za zamani, zinaweza kulegea ukiwa njiani. Uliza kama nati ziko kwa bei, na baada ya kilomita 80 hadi 100 za kwanza rudi fundi azikaze tena.

Ukiwa bado ubavuni, tafuta namba mbili za mwisho. Moja ni ya mzigo: 112 maana yake tairi moja inabeba kilo 1,120. Usishuke chini ya ile ya kiwandani. Nyingine ni tarakimu nne zinazofunga mstari wa DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kung'aa na ilhali imekaa stoo miaka sita.

Sasa pesa

Bajeti ni ya tairi tano. Prado huendesha magurudumu yote manne muda wote, na spea ya kimo tofauti itaumiza difu ya katikati. Ongeza kufunga, balansi na alaimenti.

Njia tunayopendekeza ni kulipa kwa hatua. Tanguliza kiasi kidogo ambacho hata kikipotea utalala. Muuzaji afunge gurudumu moja mbele, ukate usukani hadi mwisho kushoto na kulia, uende mbele, urudi nyuma, kisha upandishe gurudumu hilo polepole kwa ukingo wa barabara. Likigusa plastiki au chuma, mazungumzo yanaanza upya pesa ikiwa bado kwako. Kama hakuna kilichogusa, lipa salio.

Wewe uko Kitale na mali iko Kirinyaga Road? Itisha picha ya nyuma ya rimu ikionyesha ET na vipimo, na picha ya DOT ya kila tairi. Pesa ya kutanguliza tu itumwe, salio ulipie mzigo ukiwa mbele yako.

Lipa kwa namba ya till ya biashara, si kwa namba ya mtu. Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea. Duka linaitwa hivi na jina linasema vingine? Katiza, piga simu uulize. Tunasisitiza hapa kwa sababu pesa iliyotumwa namba isiyo sahihi tunaweza kujaribu kuirudisha, lakini uliyoituma mwenyewe kwa mtu uliyemwamini, naye akaitoa, ni vigumu sana kuipata tena.

Usifute ile SMS ya malipo, na uitishe risiti ya eTIMS iliyoandikwa saizi ya tairi na tarehe. Ndiyo utakayoonyesha tairi ikivimba ndani ya warranty. Nakala yake mtumie mtu wako wa bima, umwambie umebadilisha saizi, kabla ya safari ya kwanza.