Dondoo muhimu: Taa za nje jirani na Mlima Meru

Kama unaishi Usa River, Ngurdoto au popote kando ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, anza na rangi ya taa. Mwanga mweupe unaoelekea bluu huvuta nondo na kumbikumbi kuliko wa manjano. Wadudu huzunguka balbu hadi wakachoka, badala ya kula, kuzaliana na kuchavusha maua. Funika taa kwa juu, mwanga ushuke chini tu: heroe wanaotembelea maziwa ya Momella husafiri zaidi usiku. Usimulike miti wanamoishi komba, wala tundu wanamotokea popo jioni. Ulinzi ni lazima, ndiyo. Basi weka taa inayowaka yenyewe mtu akipita. Za mapambo bustanini, zizime mapema.