Salamanda Ifakara?

SWALI: Nimeona picha za wanyama kama mijusi wadogo wakiogelea kwenye tangi la kioo lenye mawe na mimea. Naweza kuwafuga hapa Ifakara?

JIBU: Ndugu msomaji, hao ni salamanda, jamaa za chura wenye mkia. Wengi hutaka maji yasiyozidi nyuzi 20. Joto la Ifakara litawaua. Usiwaagize.

Lakini jamaa zao wa hapa nyumbani hufugika tangini, na mfano mzuri uko jirani, kwa chura wa Kihansi. Bwawa la umeme lilipopunguza manyunyu ya maporomoko wanayoyategemea, karibu vyura 500 walipelekwa Marekani mwaka 2000, wakazalishwa kwenye matangi yenye mvua bandia. Porini walitoweka kabisa. Mwaka 2010 walirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kuachiwa tena Kihansi.

Wewe anza na viluwiluwi wachache wa dimbwi la karibu. Tumia maji ya mvua, kwani klorini ya bomba huwadhuru. Weka tangi kivulini, panda majani ya majini, lisha mchicha uliochemshwa kidogo kidogo. Miguu ikiota, lazima pawe na jiwe linalochomoza, la sivyo watazama. Kisha warudishe dimbwi lilelile tu: ukungu unaoua vyura husafiri na maji.