Dondoo muhimu: Bunduki ya vipande kwa safari ya porini

Kwa mpiga kambi wa Marekani anayebeba kila kitu mgongoni, uzito huja kwanza. Henry AR-7 ya risasi za .22 ina takriban kilo 1.6, na mtutu wake huingia ndani ya kitako, mzigo ukabaki sentimita 42 tu. Ruger 10/22 Takedown, iliyotoka 2012, hufika kilo 2.1.

Kinachosahaulika ni shabaha. Vilengeo vyote viwili vya Ruger viko juu ya mtutu, hivyo kuifungua na kuiunga tena hakuvipotoshi. Darubini iliyofungwa kwenye mwili wa bunduki ijaribiwe upya kila mara.

Kabla ya kuifungua, magazini itolewe na chemba ikaguliwe kwa jicho na kidole. Sheria za uwindaji hutofautiana kila jimbo. Ziulizwe kabla ya safari.