Moshi Ndani ya Tablo ya Kamionete

Wengi mlituuliza juu ya ile moshi ya kamionete ya shule siku kwaya ilipotoka Kamanyola. Kila mtu anaeleza namna yake, na wengine wanasema shofere ndiye alichoma gari kwa kulilazimisha kupanda Ngomo. Sisi wa mwaka wa sita tulikuwa ndani ya gari. Tutaeleza mambo kama yalivyokuwa, pamoja na somo la fizika linaloingia humo, na neno moja ambalo halikusemwa mkutanoni.

Kwanza fahamuni njia ya hewa. Chini ya kioo cha mbele, upande wa nje, kuna matundu. Hewa inaingia pale, ventilatere inaisukuma, inapita ku radiyatere ndogo ya joto iliyo nyuma ya tablo, kisha inatoka mbele ya uso wa shofere. Basi moshi inayotoka ku tablo haikuzaliwa lazima ndani ya tablo. Inaweza kutoka ku motere, ikamezwa na yale matundu ya nje. Ndiyo maana pua inatangulia kufanya kazi mbele ya kle na turnavisi.

Kama ni nyeupe, inalowesha kioo kwa ndani, na chini ya miguu ya abiria kumelowana, hiyo si moshi, ni mvuke. Ile radiyatere ndogo imetoboka. Vitabu vinasema utasikia harufu tamu. Ni kweli, lakini harufu hiyo ni ya dawa inayochanganywa na maji ya radiyatere. Huku kwetu wengi wanatia maji ya mto matupu, basi usingoje utamu. Simamisha gari, angalia sindano ya joto, na usifungue kifuniko cha radiyatere ingali moto. Ndani kuna nguvu ya mvuke, na maji yake yanaweza kupita digri 100 bila kuchemka, mpaka siku unafungua kifuniko nayo yanakurukia usoni. Kwa kufika nyumbani, makanisiye anaweza kuunganisha tiyo mbili za joto pamoja, maji yazunguke bila kupita ndani ya tablo.

Kama ni ya samawati na inanuka mafuta ya kuungua, fungua kapo. Mara nyingi mafuta ya motere yanatona juu ya bomba la eshapema. Jaribio ni rahisi: funga hewa ya nje kwa ile fimbo ya tablo. Moshi ikipunguka ndani, inatoka ku motere. Tena gari lililolala muda mrefu linaweza kuwa na majani makavu ao nyumba ya panya karibu na ventilatere.

Lakini yetu haikuwa hizo. Mvua ilikuwa inanyesha, kioo kikajaa ukungu, Muzee shofere akafungua ventilatere ili akisafishe. Nyuma kwaya ilikuwa inaimba na ampli. Nyuma ya dakika chache moshi ya kijivu ikatoka ku tablo, inachoma macho, inanuka plastiki. Ukisikia harufu ile, ujue ni umeme. Muzee akasimama, akazima motere, akapiga kelele: “Batoto, shukeni! Kila mutu ashuke!” Tukaweka mawe nyuma ya magurudumu. Mmoja wetu akachukua bidoni ya maji apate kumwaga ndani ya matundu, Muzee akamnyang'anya. Yeye akafungua kapo na kle ya 10, akatoa waya wa batri upande wa kutoa (–). Moshi ikakatika.

Kwa nini alizima motere mbele ya kutoa waya? Kwa sababu motere ikizunguka, alternatere inaendelea kutoa umeme hata bila batri. Na kwa nini upande wa kutoa? Mwili wa gari umeunganishwa na upande ule. Ukianza na upande wa kujumlisha na kle ikagusa chuma, cheche zitaruka palepale, na nyuma ya kiti tulikuwa na bidoni ya mazutu.

Sasa hesabu. Fizible ya ventilatere imeandikwa 15, maana yake amperi 15. Ventilatere inakunywa karibu amperi 10. Ampli ni ya wati 100. Gawanya kwa volti 12, unapata amperi 8 na zaidi. Jumla ni 18. Fizible sharti ife, ndiyo kazi yake. Kumbe pahali pake palikuwa kipande cha waya wa shaba. Waya wa shaba wenye unene wa milimita 1 unaweza kupitisha karibu amperi 80 mbele ya kuyeyuka! Basi kitu kilichoungua kwanza ni kile kingine dhaifu: pale waya wa ampli ulipokunjwa kwa vidole na kufungwa na plastiki. Tuseme pale palikuwa na ukinzani wa omu 0,1 tu. Joto ni R mara I mara I: 0,1 × 18 × 18, ni wati 32. Ni kama chuma cha kulehemu waya, kimelazwa katikati ya plastiki.

Nani aliweka ule waya wa shaba? Mkutanoni walisema ni uzembe wa shofere, na ya kwamba atalipa nyaya kutoka mshahara wake. Hapana. Ni sisi. Tulifunga ampli ku waya wa ventilatere, fizible ikakufa mara mbili, na kwa kuwa kwaya ilikuwa inangoja tukatia shaba. Muzee hakujua kitu. Tulinyamaza siku tatu, na zile siku hakutusalimu kama desturi yake, ingawa hakutushitaki. Jana jioni tulikwenda kwa Bwana Prefe kumweleza. Nyaya tutalipa sisi wawili.

Fizible za amperi 15 zimekwisha kununuliwa, na mbili za akiba ziko kwa Muzee. Ampli itapata waya wake yenyewe toka batri, na fizible ya amperi 10 karibu kabisa na batri. Kazi itafanyika Jumamosi saa munane ya mchana nyuma ya chumba cha kulia. Wa mwaka wa ine na wa tano waje na daftari la fizika. Muzee amekubali kufundisha.