Nyumba za Mtaa wa Eyam

Somo: Yohana 15:9–17



Katika mkoa wa Derbyshire, huko Uingereza, kipo kijiji cha vilimani kiitwacho Eyam. Karibu na kanisa lake zimesimama nyumba ndogo za mawe zenye vibao vya majina ya watu waliofia humo. Basi, na tuzitazame.

Moja yaitwa Nyumba ya Tauni. Mwaka 1665 mshonaji George Viccars alikuwa mpangaji humo. Yasemekana bunda la nguo kutoka London lilileta viroboto wenye tauni. Viccars alikufa Septemba. Mama mwenye nyumba, Mary, akafiwa na wanawe wawili, kisha mumewe. Nyumba ya jirani, ya akina Thorpe, walikufa watu tisa.

Juni 1666 Kasisi William Mompesson aliwasihi watu wasitoke kijijini, wasije wakaeneza tauni. Alisaidiwa na Thomas Stanley, aliyewahi kuwa kasisi wao, akaondolewa kwa kutokubali Kitabu cha Sala. Katika jambo hili wawili hao walikuwa na nia moja, na watu wakatii. Ibada ilifanywa bondeni. Chakula kililetwa mpakani, na fedha za malipo zikawekwa ndani ya siki.

Kasisi alikuwa amekwisha kuwapeleka watoto wake wawili mbali. Mkewe, Catherine, alikataa kuondoka, akafa mwezi wa Agosti. Huko Riley, Elizabeth Hancock alizika mume na watoto sita katika siku nane. Nyumba yake haipo tena, makaburi yapo.

Waliokufa wote wapata 260. Miaka michache baadaye akina Wright walijenga jumba la Eyam Hall, ambalo lingali zuri hata leo. Lakini mafundisho makuu ya mtaa huu yamo katika zile nyumba ndogo. Mtu aweza kufunga mlango wake kwa choyo. Hawa waliufunga kwa kumpenda jirani wa kijiji cha pili, ambaye pengine hawakumjua kwa jina.

Maswali ya kujadiliana:

1. Kasisi aliwaondoa watoto wake, kisha akawaomba wengine wabaki. Je, wewe ungemsikiliza?

2. Majirani wataikumbuka nyumba yako kwa jambo gani?